Kisonono Tanga: Kutibu kwa Dalili au kwa Kipimo?

Lalamiko hili halikosi msemaji hapa Tanga, uwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni. Mtu kaenda zahanati, kaeleza kwamba anatoka usaha na mkojo unamchoma, kachomwa sindano moja, kapewa na vidonge vya kumeza nyumbani, basi. Maabara hakupelekwa. "Wamenitibu kwa kukisia," anasema, na walioketi naye barazani wanakubali. Wapo pia wanaomjibu kwamba hakuna aliyekisia: katibiwa kwa utaratibu ambao nchi imeufuata tangu miaka ya 1990, na kama angeambiwa arudi kesho kuchukua majibu, huenda asingerudi.

Nimeusikia ubishi huu mara nyingi, na ninavyoona mimi pande zote mbili zina haki, ila zinabishana juu ya wagonjwa wawili tofauti. Anayetetea tiba ya dalili huwa anamfikiria mwanamume. Anayeipinga, hata kama mfano wake ni wa mwanamume, hoja zake zenye nguvu zinamhusu mwanamke. Tukiwatenganisha hawa wawili, mengi yananyooka.

Kutibu kwa dalili ni hivi. Mgonjwa hatafutiwi kwanza jina la kimelea kilichomuumiza. Anawekwa kwenye kundi kulingana na anachokiona na kukihisi: usaha kwenye uume, uchafu ukeni, kidonda sehemu za siri, maumivu chini ya kitovu, macho ya kichanga yanayotoa usaha. Kila kundi lina vimelea vinavyofahamika kulisababisha, na mgonjwa hupewa siku hiyo hiyo dawa za kuua vile vilivyo vikuu. Mwanamume mwenye usaha hutibiwa kisonono na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa pamoja, kwa sababu bakteria hawa wawili mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliupendekeza utaratibu huu kwa nchi ambazo maabara ni chache na wagonjwa wako mbali nazo.

Bakteria wa kisonono alitambuliwa na daktari wa Kijerumani, Albert Neisser, mwaka 1879, na jina lake la kitaalamu, Neisseria gonorrhoeae, limetokana na la daktari huyo. Makazi yake ni binadamu tu. Akitolewa kwenye joto na unyevu wa mwili hufa haraka, ndiyo maana choo cha stendi ya Kange au cha sokoni si cha kusingiziwa kisonono, hata kama wengi wameapa hivyo mbele ya wake zao na waume zao. Hupita kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Jambo linalomfanya awe mgumu ni kwamba hubadilisha kila mara protini za vijinyuzi anavyojishikizia mwilini, hivyo kinga iliyojengwa safari ya kwanza haimtambui anaporudi. Aliyepona mwezi huu anaweza kuugua tena mwezi ujao kama mwenza wake hakutibiwa. Hili la mwenza nitalirudia, maana ndipo tiba nyingi zinapovunjikia.

Kwa mwanamume, hoja ya dalili ina nguvu. Kwa kawaida siku 2 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wengi huanza kuona usaha mzito wa manjano au wa kijani, na kukojoa kunageuka adhabu. Ukiupeleka usaha huo maabara, kazi yenyewe haichukui muda: mtaalamu anaupaka kwenye kioo, anaukausha, anatia rangi ya zambarau, kisha aidini, anasuuza kwa spiriti, anamalizia na rangi nyekundu. Chini ya hadubini bakteria wanatokea wakiwa wa waridi, wawili wawili, kama punje mbili za kahawa zilizotazamana, wamejazana ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwa mwanamume mwenye usaha, kipimo hiki hukamata zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 wenye kisonono. Ni kipimo kizuri, tena cha bei nafuu. Lakini kimeongeza nini? Daktari alikuwa ameshauona usaha wenyewe, na dawa atakayoandika ni ile ile. Hata kisonono kisipoonekana, mgonjwa bado atahitaji dawa ya klamidia, ambayo hadubini hiyo haiwezi kumwonyesha bakteria wake.

Halafu kuna wagonjwa wenyewe. Tanga ni mji wa wapitaji. Dereva wa lori na utingo wake wanalala usiku mmoja wakisubiri kupakia. Baharia wa jahazi anangoja upepo wa kumpeleka Pemba. Mvuvi wa Deep Sea anahesabu siku zake kwa bamvua na maji mafu, na akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, anaweza kukaa huko wiki kadhaa. Siku hizi ongeza mafundi na vibarua walioletwa na kazi ya bomba la mafuta, kilometa 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani. Mwambie mmoja wao arudi Jumatatu kuchukua majibu. Jumatatu yuko Horohoro, au yuko Segera, au yuko baharini, na ugonjwa kaenda nao. Dawa anayopewa mtu akiwa bado amekaa mbele ya tabibu inamponya yeye na kumkinga yule ambaye angemwambukiza wiki ijayo. Majibu yanayotoka baada ya mgonjwa kuondoka hayamsaidii mtu.

Ushahidi mkubwa wa upande huu umetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, katika jumuiya 12 zilizopangwa jozi jozi. Kwenye nusu yake, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, wasimamizi wakawa wanapita, wanavijiji wakahimizwa kwenda kutibiwa mapema. Baada ya miaka 2, walioambukizwa VVU kwenye jumuiya hizo walikuwa asilimia 1.2, wakati kwenye zile za kulinganisha walikuwa asilimia 1.9. Ni upungufu wa karibu asilimia 40, na dunia nzima iliuzungumzia, kwa sababu hapakuwa na mtambo mpya wala daktari bingwa. Kulikuwa na mhudumu wa kijijini aliyefundishwa, karatasi ya mwongozo na kabati lenye dawa. Ninaposikia tiba ya dalili inaitwa uzembe, huwa nafikiria wahudumu wale wa Mwanza na maisha waliyookoa.

Lakini utafiti huo huo una sehemu ya pili ambayo haitajwi sana. Walipopimwa wanaume, matatizo ya usaha na mkojo kuchoma yalielekea kupungua kwa karibu nusu. Walipopimwa wanawake wajawazito kliniki, kisonono na klamidia havikuonyesha kupungua. Vijiji ni vile vile, dawa ni zile zile, wahudumu ni wale wale. Hapo ndipo upande wa pili wa ubishi wetu unapoanza kupata haki yake, na mimi naanza kuuegemea.

Mwanamke mwenye kisonono mara nyingi haoni kitu. Nusu yao au zaidi hawana dalili ya kuwapeleka zahanati, na kwa klamidia wasio na dalili ni wengi zaidi ya hapo. Bakteria wanakaa kwenye mlango wa kizazi, yeye anaendelea na biashara yake ya samaki, anakwenda shambani, anacheza ngoma kwenye harusi, hajui. Utaratibu unaosubiri mgonjwa aje na malalamiko hauna namna ya kumpata mtu huyu.

Anayekuja ni yule mwenye uchafu ukeni: umezidi kawaida yake, una harufu, au unawasha. Na kwa wanawake wengi uchafu huo hausababishwi na kisonono wala klamidia. Mara nyingi ni fangasi, au ni bakteria wa kawaida wa ukeni waliopoteza uwiano wao, hali inayoweza kumpata mwanamke ambaye mumewe hajatoka nje ya ndoa hata siku moja. Yapo na mazoea yanayochangia. Kuna wanawake wanaojiosha ndani kwa sabuni, kwa ndimu au kwa maji ya mitishamba, wakiamini huo ndio usafi wa mwanamke, na kujiosha ndani kunahusishwa na kuvurugika kwa bakteria wazuri wanaoulinda uke. Makungwi wetu, ambao neno lao kwa mwari lina uzito kuliko bango lolote la wizara, wangesaidia sana wakilisema hili bila kuzunguka: ndani uke hujisafisha wenyewe, nje panatosha maji.

Sasa mchukue mama wa Kigombe aliyepanda gari alfajiri kuja mjini kwa sababu ya uchafu wenye harufu. Anaulizwa maswali machache, anaandikiwa dawa za kundi zima, na wakati anaaga anaambiwa, "Mama, umwambie na baba aje, naye atibiwe." Jioni anamweleza mumewe. Mume hana dalili. Anachokisikia ni kwamba mkewe ana ugonjwa wa zinaa na yeye hana, na anauliza swali moja tu: "Umeutoa wapi?" Mama hana jibu, kwa sababu huo ugonjwa hana. Hana karatasi ya maabara ya kuweka mezani. Ndoa zimevunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na akitoka hapo anarudi kwao na watoto, na kijiji kizima kinajua kwa nini. Hili linanikera kuliko kitu kingine chochote katika suala hili. Neno "zinaa" halifai kuingizwa nyumbani mwa mtu bila ushahidi, na tiba inayoliingiza kwa mwanamke kwa msingi wa uchafu peke yake inamdhulumu.

Wale waliokosewa kwa upande wa pili, wenye bakteria na wasio na dalili, wao hulipa baadaye. Bakteria hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, huko wanaleta uvimbe, na uvimbe ukipoa huacha makovu. Mrija wenye kovu unaweza kuzuia yai lisipite, au likarutubishwa na kukwama njiani. Mimba ikakua nje ya kizazi, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Na kwa asiyezaa kabisa, kwetu mwanamke huanza kuulizwa habari za mtoto kabla mwaka wa ndoa haujaisha. Lawama ni yake hata kama bakteria waliletwa na mume miaka kumi nyuma. Akiwa mjamzito na hajatibiwa, mtoto anaweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa na kupofuka ndani ya siku chache. Yale mafuta ya tetrasaiklini anayopakwa kichanga machoni mara tu akizaliwa, ambayo mabibi wengine huyaona kama usumbufu kwa mtoto, yapo kwa sababu hiyo.

Hapa lakini niwe mkweli kwa wanaodai kipimo: si kila kipimo kitamfaa. Hadubini ile iliyofanya kazi vizuri kwa mwanamume hukosa karibu nusu ya wanawake wenye kisonono. Kupima mkojo kwa njia ya kawaida nako hakutoshi. Chembe nyeupe zikionekana kwenye mkojo zinaweza kuwa zimeletwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, zinaweza kuwa zimeletwa na kisonono au klamidia, na kwa kuwa UTI haimwaibishi mtu, ndilo jibu analolipokea kila mmoja kwa moyo mweupe. Mwanamke anatibiwa UTI leo, anatibiwa tena baada ya miezi miwili, na tena, na hakuna aliyeuliza habari za mlango wa kizazi. Anachohitaji ni kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 umeelekea huko: kipimo cha aina hiyo kitumike panapopatikana, na pasipopatikana, mwenye usaha kwenye uume atibiwe siku ile ile aliyofika.

Wapo wanawake ambao hata mimi nisingewasubirisha. Mwenye maumivu chini ya kitovu, homa, na maumivu akiguswa mlango wa kizazi, huyo atibiwe mara moja. Kovu haliwezi kuondolewa baadaye. Na mke wa mwanamume mwenye usaha atibiwe bila kusubiri majibu, awe na dalili asiwe nazo. Usaha wa mume ni ushahidi tosha juu ya hatari aliyo nayo mke, kuliko uchafu wake yeye mwenyewe. Ajabu ni kwamba utaratibu wetu huuamini zaidi uchafu wa mama wa Kigombe, kisha ukamwacha mume mwenye usaha aondoke na dawa zake peke yake.

Kuna na mtibu mwingine ambaye haketi kwenye ubishi huu ingawa anawahudumia watu wengi: duka la dawa. Simama jioni kwenye mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani utaona. Kijana anapita mara ya kwanza, anakuta kuna wateja, anapita zake. Anarudi kukiwa kumetulia, anaegemea kaunta. "Dada, nipatie dawa ya mkojo, unanichoma." Muuzaji hamuulizi kama anatoka usaha, kwa kumstahi. Anamkatia vidonge vitatu vya azithromaisini, au anamhesabia vya rangi mbili kadiri ya fedha aliyotoa, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, anaandika 1x2 kwa kalamu, biashara imekwisha. Hakuna aliyetaja mwenza.

Ni rahisi kumkemea muuzaji, na wakaguzi humkemea. Lakini duka linatoa kitu ambacho zahanati nyingi hazitoi, nacho ni stara. Hakuna foleni ya kukaa na mama mkwe wa jirani. Hakuna daftari la kuandikisha jina na mtaa. Liko karibu, na usiku liko wazi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba maduka haya ni sehemu ya huduma ya afya pale mpango wa maduka ya dawa muhimu ulipoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, wauzaji wakafundishwa na kupewa leseni, na mpango ukasambaa mikoa mingine. Udhaifu wa duka kwa kisonono uko kwenye dawa zenyewe. Tegemeo la sasa ni sindano ya seftriaksoni, ambayo duka la kawaida halina ruhusa ya kuchoma. Linabaki na vidonge, na vingi katika vidonge hivyo bakteria huyu ameshavizoea.

Historia yake katika hilo inatisha. Dawa za salfa zilianza kumtibu miaka ya 1930, na ndani ya takriban miaka kumi zilikuwa zimeishiwa nguvu. Ikaja penisilini, ilidumu kwa kupandishwa dozi tena na tena, hadi mwaka 1976 walipogunduliwa bakteria wa kisonono wenye kimeng'enya cha kuivunja. Tetrasaiklini ikafuata njia hiyo hiyo. Sipro, yaani siprofloksasini, ambayo bado watu huiomba kwa jina madukani, Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007, na hapo jirani Uganda nayo imeshindwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2011 iliripotiwa kutoka Kyoto, Japani, aina ya bakteria inayohimili seftriaksoni kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2018 Uingereza ikaripoti mgonjwa ambaye bakteria wake walizihimili seftriaksoni na azithromaisini kwa pamoja. Mwaka 2024 WHO ilipandisha dozi ya sindano inayopendekeza kutoka miligramu 250 hadi gramu 1. Kila dawa iliyopandishwa dozi huko nyuma ilikuwa njiani kuaga.

Pande zote mbili zinautumia usugu huu kama hoja, na zote zina la kusema. Wa kipimo wanasema tiba ya dalili inawapa antibayotiki wanawake wasio na ugonjwa, na kila dozi ya bure inawafundisha bakteria wengine waliomo mwilini kuizoea dawa. Ni kweli. Wa dalili wanasema sindano moja inayochomwa mbele ya muuguzi haiwezi kukatishwa njiani, haiwezi kugawanywa na rafiki, na usugu unalelewa zaidi na nusu dozi za mtaani. Hilo nalo ni kweli. Ila kuna jambo moja ambalo tiba ya dalili haina jibu lake: haioteshi bakteria. Ili kujua dawa ipi bado inafanya kazi, lazima bakteria hai akuzwe maabara kwenye chakula maalumu kilichotiwa damu iliyopashwa moto, kwenye hewa yenye kabonidayoksaidi ya ziada na joto la mwili wa binadamu, kisha aonjeshwe dawa moja moja. Ni kazi ya uangalifu, na sampuli iliyocheleweshwa barabarani kutoka Pangani inaweza kufika imeshakufa. Mji unaotibu miaka nenda miaka rudi bila kuotesha utagundua kwamba sindano imeshindwa siku wagonjwa watakaporudi na usaha ule ule, na kwa desturi mgonjwa asiyepona harudi alikotibiwa mwanzo, anabadilisha duka.

Matumaini yapo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo mazuri ya zoliflodasini, dawa mpya ya kumeza mara moja iliyojaribiwa kwa watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Uingereza mwaka 2025 ilianza kutumia chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina B kwa walio kwenye hatari kubwa, kwa kuwa bakteria wa magonjwa hayo mawili ni ndugu na chanjo hiyo hupunguza kisonono kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Ni habari njema, lakini zahanati ya Makorora haiwezi kupanga wiki yake kwa habari hizo.

Kinachoweza kupangwa ni hiki. Mashine za vinasaba zinazopima kifua kikuu, ambazo nchi yetu imeshazinunua na kuzisambaza kwenye hospitali zake, zinaweza kwa katriji nyingine, yaani kikasha cha kipimo kinachotumika mara moja, kupima kisonono na klamidia kwa pamoja ndani ya kama dakika 90. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa pamba, faraghani, bila kupanda kitandani. Dakika 90 ni muda ambao mama mjamzito tayari anautumia kwenye benchi la kliniki na kadi yake mkononi. Anaondoka na jibu lake siku hiyo hiyo.

Pingamizi ni fedha, nalo si dogo: katriji moja ni ghali kuliko dozi nzima ya dawa. Mashine nazo zina kazi ya kifua kikuu, na mgonjwa anayekohoa asisukumwe nyuma kwa ajili hii. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka kila mtu apimwe. Mwanamume mwenye usaha asipewe katriji hata moja. Achomwe sindano yake, apewe vidonge vyake, aondoke. Zilizopo wapewe wajawazito na wanawake wenye uchafu ambao wako karibu kuambiwa walete waume zao. Kwa mwanamume tuombe kitu kingine: wachache kila mwezi, kwenye hospitali moja yenye maabara ya kuaminika hapa mjini, watoe usaha wao uoteshwe kabla hawajachomwa, ili tujue mapema sindano inaelekea wapi. Nao wauza dawa wapewe maswali mawili ya kuuliza kwa sauti ya chini na karatasi ya kumwelekeza mteja zahanati anakoweza kuchomwa bila kupanga foleni upya. Wengi wao wana moyo wa kusaidia, na hawajawahi kuombwa hivyo.

Linabaki lile la mwenza, na hapa sina raha na jibu langu mwenyewe. Mwanamume aliyetibiwa Makorora ana mke mjini na mke mwingine Mkinga. Kadi ya kuwaita anaweza kupewa, isiyotaja ugonjwa, lakini kadi nyingi huishia mfukoni. Nchi nyingine humkabidhi mgonjwa dawa za mwenza wake akampelekee. Sindano haibebeki, ila ipo sefiksime ya kumeza ya jamii moja nayo, ingawa si imara kama sindano. Wanaolipinga hilo wana sababu za maana: mke anaweza kuwa na mzio, anaweza kuwa mjamzito, na anaweza kumezeshwa dawa bila kuambiwa ni ya nini, jambo ambalo ni kumnyima haki yake ya pili baada ya kunyimwa ya kwanza. Wanaoliunga mkono wanasema asipoletewa dawa hatapata kabisa, na mume atarudi na usaha kabla mwezi haujaandama. Mke wa mjini ningemsubiri aje, apimwe, aelezwe. Yule wa Mkinga asiye na nauli wiki hii ningempelekea dawa, na karatasi yenye maelezo yote na namba ya simu ya muuguzi wa kike wa kumuuliza kabla hajameza.